Hodi Isiyopigwa

Uliapa, Bwana Ransdell, mbele ya wakili na muhuri wake,
kwamba Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi,
ulifika nambari 47, Mtaa wa Odell, Lackawanna,
ukagonga, nikafungua,
ukanitia samansi mkononi.
Ukaniandika: mwanamke, miaka hamsini na ushei,
nywele nyeusi, kilo tisini.

Nina miaka sabini na mmoja.
Kilo tisini nilizifikia mara moja tu,
na hapo tulikuwa watatu: mimi na mapacha.

Ya kilo tuyaache. Nieleze uligonga nini.
Usiku wa Jumatatu Ziwa Erie lilijitwika mawingu
likaja kuyatua kwetu.
Alfajiri nilivuta mlango nikakuta mlango mwingine,
wa theluji, kutoka kizingitini hadi juu ya fremu,
umenakili kila kitu: kitasa, tundu la barua,
hata 47 yangu ya shaba, imesomeka kinyumenyume.
Nikaupiga picha nimchekeshe binti yangu aliye Tucson.
Gari la kuzolea theluji lenyewe lilizikwa pale konani,
taa yake ya njano ikazunguka chini ya weupe siku mbili
mpaka betri ikafa.
Jirani yangu Zygmunt alitokea dirisha la ghorofani, na chepe.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa.
Yako haikuwepo kabisa. Hakuna aliyeichimba.

Habari zako nilizipata miezi ishirini baadaye
dukani, kadi ilipokataa
mayai, kabichi, na soksi za mjukuu.
Akaunti imefungwa, nikaambiwa. Ulishtakiwa. Hukutokea.
Hukumu ilitolewa upande mmoja,
na upande wenyewe haukuwa wangu.

Leo umekaa kizimbani unapangusa miwani.
Picha ya mlango wa theluji imepita mkono kwa mkono
hadi kwa Jaji Iannucci, akaigeuza, akaitazama tena.
"Siku hiyo ulitembeza samansi ngapi?"
Ukasema kumi na nne. Katika miji mitatu.
Karani akaacha kuandika, kisha akaandika.

Wakili wa kampuni akainuka: "Lakini deni ni lake, Mheshimiwa."
Jaji akasema, "Huko bado sijafika.
Na kwa karatasi hii siwezi kufika.
Mtu ambaye mahakama haikumwita,
mahakama haina mkono wa kumgusa."

Nilikuwa nikidhani nguvu yao iko kwenye bendera,
kwenye lile joho, kwenye bastola ya askari pale mlangoni.
Kumbe yote hiyo huanza na hodi.
Serikali nzima, na majengo yake, na mawe yake ya kuchonga,
husimama barazani kwa mwanamke aliyekuwa dobi wa hospitali
na kungoja aseme, nani?
Isipobisha, haijaingia. Hata ikichukua pesa, haijaingia.

Hukumu ikafutwa saa tano kasorobo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukuniuliza, wala hukuwa na haki ya kuniuliza.
Deni ni langu. Tanuri la kupashia nyumba joto,
dola elfu nne mia moja na sitini,
nililikopa mimi, na wiki ile ya theluji
lilinguruma chini ya sakafu kama paka aliyeshiba.
Dawa ya deni ni kulipa. Najua.
Nilitaka tu niitwe.

Ukumbini msichana mwenye buti zilizolowa akanisogelea.
"Bi Halina Borowik?"
"Ndiye mimi."
Akanipa samansi mpya, mkononi, nikaisikia uzito.
Alipoanza kujaza fomu yake nilisimama wima nimsaidie.
Nywele nyeupe, akaandika. Kilo sitini.
"Weka na miwani," nikamwambia. Akaweka.
Akatazama saa yake. Nami nikatazama yangu.
Zilikubaliana.